Kibera: Kitu cha Wote, Ufunguo Uko kwa Nani?

Mtu wa Mombasa afikapo Kibera, Nairobi, kwa mara ya kwanza, majina ya huko humshangaza. Aulizapo njia huenda akaambiwa apitie Fort Jesus, kisha ateremke Lindi. Fort Jesus hiyo si ngome ya Wareno inayotazama bahari bali ni mtaa wa nyumba za mawe. Na Lindi si ule mji wa bandari wa kusini mwa Tanzania, bali ni kijiji kimojawapo katika vijiji vya mabati vya Kibera. Akisogea hata Makina wakati wa adhuhuri, ataisikia adhana na kuwaona wazee wa kanzu na kofia wakielekea msikitini. Ataamkiwa kwa Kiswahili, naye ataitikia kwa Kiswahili. Mgeni huyo atajiuliza: je, kweli nimetoka pwani?

Ukingoni mwa Kibera, upande wa barabara ya Mbagathi, yamesimama magorofa yaitwayo Nyayo Highrise. Jina hilo la Nyayo latokana na wito wa Rais Daniel arap Moi, ambaye alipoingia madarakani mwaka 1978 alisema atafuata nyayo za mtangulizi wake. Aliye katika madirisha ya juu ya magorofa hayo huona mabati ya Soweto Mashariki na Silanga yametandazwa chini yake kama mikeka iliyopata kutu. Kati ya dirisha na mabati hapana mwendo mrefu. Lakini kati ya maisha ya huku na ya kule pana safari.

Magorofa hayo yalijengwa na Shirika la Taifa la Nyumba katika ardhi iliyokuwa ya Kibera. Ilitarajiwa kwamba wanyonge wa mahali hapo ndio wangefaidika. Mambo hayakwenda hivyo. Nyumba ziliishia zaidi kwa watu wenye mishahara ya wastani, na aliyekuwa katika kibanda akabaki katika kibanda, au akasukumwa mbele kwenda kujenga kibanda kingine.

Kisa hicho ni cha zamani, lakini kina swali ambalo halijazeeka. Kwa nini jambo lililoanzishwa kwa jina la maskini liliteleza likaangukia mikono mingine? Na kwa nini, katika Kibera hiyo hiyo, yako mambo madogo yaliyoanza kwa shilingi chache ambayo hayakuteleza? Makala haya yanajaribu kulitazama swali hilo, kwani nasi wa pwani latuhusu.

Msitu wa askari

Yafaa kwanza ikumbukwe Kibera ilitokea wapi. Askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Emin Pasha walichukuliwa na Kapteni Lugard mwaka 1891 ili watumikie Waingereza katika Uganda. Baadaye wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipostaafu hawakuwa na kwao pa kurudi, kwani walikwishaacha makwao muda mrefu na wengi walikwishaoa huku. Wakapewa ruhusa ya kukaa katika msitu ulio karibu na Nairobi. Kwa lugha yao, Kinubi, mahali hapo pakaitwa Kibra, maana yake msitu au kichaka. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo la ekari 4,197 kuwa ni hifadhi ya jeshi kwa ajili ya makao yao.

Hawa ndio Wanubi. Ni Waislamu, na katika mila zao mtu wa pwani haoni ugeni mwingi. Wanawake wao huvaa gurbaba, vazi la kujifunga ambalo kwao lina heshima kama ile ya leso kwetu. Husuka tabaga, sinia na vifuniko vya chakula vyenye rangi nyingi, ambavyo mwanamke wa Lamu akiviona atakumbuka kawa za nyumbani kwao. Katika harusi zao ngoma ya doluka hukesha, na bibi harusi hupakwa hina kama binti yeyote wa Mji wa Kale.

Lakini askari hao walipewa ruhusa ya kukaa tu. Hawakupewa hati ya kumiliki. Ruhusa na hati ni vitu viwili, na katika tofauti hiyo ndimo yalimozaliwa matatizo yote yaliyofuata. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 ardhi hiyo ikahesabiwa kuwa ni ya serikali. Ikakatwa kipande kwa kipande kujengwa mitaa ya wenye uwezo, na palipobaki wakamiminika watu wa kila kabila waliokuja Nairobi kutafuta riziki. Mnubi akawa mwenye nyumba asiye na ardhi, na wengi wa wageni wakawa wapangaji wa mtu asiye na hati. Wote wawili wakalala usingizi wa paka, kila mmoja akimwogopa mwenziwe na wote wakiiogopa tingatinga.

Hofu hiyo ilipata kulipuka. Mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi za nyumba uligeuka mapigano kati ya wenye nyumba na wapangaji, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Mtu hawezi kuzungumza juu ya ustawi wa Kibera akaruka habari hiyo. Ujirani pale si jambo la kusifiwa kwa maneno matupu. Ni jambo lililovunjika na likabidi lijengwe upya.

Mtaji wa mboga

Katika mwaka 2000 kijana mmoja wa Kimarekani, Rye Barcott, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alikuja Kibera kujifunza maisha ya vijana. Kabla hajaondoka alikutana na Bibi Tabitha Atieno Festo, muuguzi, mjane mwenye watoto. Bibi huyo hakumwomba nyumba wala safari ya Ulaya. Alimwomba mtaji wa kuuza mboga. Kijana akampa dola 26, kiasi cha shilingi 2,000 za wakati huo.

Aliporudi mwaka uliofuata alikuta mboga zimekwisha kuzaa zahanati. Bibi Tabitha alikuwa ameweka faida yake, akanunua dawa na vifaa vichache, na chumba chake mwenyewe akakifanya mahali pa kutibia majirani. Mwaka huo wa 2001 wawili hao, pamoja na Bwana Salim Mohamed, kijana wa Nairobi aliyekuwa amekwishafanya kazi na vijana wa michezo wa Mathare, waliunda chama kilichoitwa Carolina for Kibera. Walianza na kandanda. Timu ilitakiwa ichanganye makabila, na pia ishike mafagio na koleo kusafisha mtaa. Mwaka 2002 likaongezwa jambo la wasichana, Binti Pamoja, ili nao wapate mahali pa kukutana na kusema yanayowasibu.

Bibi Tabitha alifariki mwaka 2004. Zahanati haikufa naye. Ilikua, ikapata jengo kubwa pale Gatwekera, na hata leo inaitwa kwa jina lake. Msomaji atazame mpangilio wa mambo haya. Mgeni alileta kitu, lakini wazo lilikuwa la mwenyeji, jasho lilikuwa la mwenyeji, na ufunguo wa mlango wa kwanza ulikuwa katika upindo wa kanga ya mwenyeji. Ndiyo maana ya ule usemi wetu, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Daftari la Toi

Soko la Toi linajulikana Nairobi nzima kwa mitumba. Mtu wa ofisini hupata shati lake pale, na mtoto wa shule hupata viatu. Wachuuzi wa soko hilo walijifunza jambo ambalo mama zetu wa pwani wanalijua vizuri katika michezo yao ya kupeana fedha: kuweka kidogo kila siku, bila kukosa, mbele ya macho ya wenzako. Waliungana na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa watu wa mitaa ya mabanda ulioanzishwa mwaka 1996, wakawa na vikundi vya akiba, madaftari na mikopo ya wao kwa wao.

Ulipokuja uchaguzi wa Desemba 2007 na fujo zilizofuata, soko la Toi liliteketezwa kwa moto. Mali ilikwenda yote. Watu waliokuwa wakikaa meza kwa meza walikuwa sasa wanaogopana. Hata hivyo, soko lilirudi. Kwa nini? Kwa sababu waliokuwa wameandikwa katika daftari moja walijua nani alikuwa na meza, nani alikuwa na deni, na nani alikuwa na akiba. Mtu uliyemdhamini mkopo huwezi kumsahau mara moja kwa sababu ya kabila lake. Soko hilo limeungua tena baada ya hapo, na kila mara wachuuzi wamerudi.

Siku hizo za fujo sauti nyingine ya Kibera ilifanya kazi yake. Redio ndogo ya mtaa, Pamoja FM, iliyoanza mwaka 2007, iliwaambia watu watulie. Iliwaambia hayo kwa Kiswahili, lugha ambayo hapana kabila la Kibera linaloweza kudai kuwa ni yake peke yake. Hapa watu wa pwani wanaweza kujivunia. Lugha iliyolelewa katika visiwa na bandari zetu ndiyo iliyokuwa mkeka wa kuketi watu waliokataa kuketi pamoja.

Mahali pa wazi Silanga

Turudi sasa karibu na Nyayo Highrise. Chini yake liko Bwawa la Nairobi, lililochimbwa katika miaka ya 1950, na kando ya bwawa ndipo kilipo kijiji cha Silanga. Ukingo wa mto hapo ulikuwa jalala. Kuanzia mwaka 2006 wasanifu wa kikundi cha Kounkuey walikaa na wakazi kuulizana: mahali hapa mngependa pawe nini? Majibu hayakuwa ya ajabu. Watu walitaka kivuko cha kuvukia mto, mahali pa kukutania, mahali pa watoto kuchezea, na njia ya wanawake kupata fedha kidogo.

Kazi iliyotoka hapo ilifanywa kwa mikono ya wakazi wenyewe, na chama chao ndicho kinachosimamia. Mapato madogo yanayopatikana hutumika kutengeneza kinachoharibika. Mtindo huo ukaenea katika sehemu nyingine za Kibera. Kadhalika shirika la Umande, lililoanza mwaka 2004, lilisaidia vikundi vya wakazi kujenga vyoo vya pamoja ambavyo uchafu wake hutoa gesi ya kupikia. Anayetumia hulipa senti chache, kikundi hutunza jengo, na kile kilichokuwa aibu ya mtaa hupika chai.

Katika elimu pia utaona sura hiyo hiyo. Bwana Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, alianzisha mwaka 2004 umoja wa vijana uitwao SHOFCO, akianza na mpira mmoja wa bei rahisi. Mwaka 2009 wakafungua shule ya wasichana isiyotoza karo. Lakini bure haina maana ya kukaa kitako: badala ya karo mzazi hutoa wiki tano za kazi kwa mwaka. Mama anayefagia darasa la binti yake hawezi kuambiwa kwamba shule ile ni ya wafadhili.

Hata ramani ilikuwa na kisa chake. Hadi mwaka 2009 Kibera, katika ramani nyingi, ilikuwa doa tupu. Mwaka huo vijana wa mtaa walizunguka na vipimo wakachora njia, visima, shule, zahanati na misikiti yao. Mwaka huo huo sensa ilihesabu watu 170,070, hali kwa miaka mingi watu walikuwa wakitaja hata milioni moja. Mtu anayetaka kuheshimiwa huanza kwa kuhesabiwa sawasawa.

Wakfu bila ya jina hilo

Sasa tulijibu lile swali. Ni nini kinachotenganisha zahanati ya Tabitha, daftari la Toi na ukingo wa Silanga kwa upande mmoja, na magorofa ya Nyayo Highrise kwa upande wa pili?

Watu wa pwani tunalo neno la jambo hili tangu zama za mababu zetu: wakfu. Msikiti, kisima, shamba la minazi au nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haipewi mtu zawadi. Mali yenyewe husimama, na manufaa yake ndiyo hugawanywa. Nyumba za ghorofa zilikuwa kitu cha kugawiwa mtu mmoja mmoja, na kila kitu cha kugawiwa humfuata mwenye nguvu. Kisima cha wakfu hakimfuati mtu. Mnyonge hukikuta pale pale alipokiacha jana.

Mradi mkubwa wa serikali na Umoja wa Mataifa wa kuboresha mitaa ya mabanda, ulioanza mwaka 2004, umeyaonyesha mambo haya pande zote mbili. Mwezi Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa magorofa ya muda karibu na Lang'ata, mahali walipopaita Kanaani, ili kwao pajengwe. Mwezi Julai 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa. Hakuna haja ya kuidharau kazi hiyo. Mtoto anayesoma mezani chini ya taa, na maji ya bomba jikoni, si sawa na mtoto anayesoma kwa koroboi. Lakini wako pia waliopangisha vyumba vyao kwa wenye uwezo zaidi, wao wakarudi mabandani, kwa kuwa njaa ya leo ilikuwa kali kuliko ghorofa ya kesho. Si ujinga huo. Ni hesabu ya maskini, na mradi usioijua hesabu hiyo utashangaa kila mara.

Kwa upande wa Wanubi, Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ekari 288. Hati hiyo ni ya jamii nzima chini ya wadhamini, si ya mtu mmoja. Ukilinganisha na zile ekari 4,197 za mwaka 1918, ni kama sehemu moja tu katika kumi na nne na nusu. Wazee wengi waliokuwa wakiidai ardhi hiyo walikwishazikwa. Watoto wao walipata kukosa hata vitambulisho, mpaka Kamati ya Afrika ya Haki za Watoto ikaamua mwezi Machi 2011 kwamba watoto wa Kinubi walikuwa wamenyimwa haki yao ya uraia. Basi ekari 288 ni chache, lakini ni hati, na ni hati inayofanana sana na wakfu.

Hapa ndipo mtihani ulipo. Juu ya ardhi hiyo na kuizunguka wanaishi pia watu wasio Wanubi, waliozaliwa Kibera na ambao hawana Kibera nyingine. Ikiwa hati itakuwa ukuta, yatarudi ya mwaka 2001. Ikiwa itasimamiwa kama kisima, ambacho mwenyewe hukilinda na jirani huteka, itakuwa neema. Tena sisi wenyewe tunajua kuwa wakfu bila msimamizi mwaminifu huliwa kama mali nyingine yoyote. Tume ya Wakfu imekuwapo Mombasa miaka mingi, na bado katika baraza za pwani hayakosi malalamiko juu ya kiwanja hiki na nyumba ile. Neno zuri peke yake halilindi kitu.

Maswali matatu

Mtu wa Kisauni, wa Likoni au wa Majengo hana haja ya kwenda Nairobi kutazama maskwota. Anayo ya kwake. Anajua maana ya kujenga nyumba juu ya ardhi ya mwingine, na maana ya kusubiri hati mpaka ndevu zikawa nyeupe. Miradi nayo humfikia. Mbao za matangazo husimikwa, picha hupigwa, na baada ya miaka miwili ubao hubaki peke yake ukipigwa na pepo za bahari.

Kibera haina miujiza ya kutufundisha. Bado ni mahali pa matope, kodi na mioto. Lakini ina maswali matatu ambayo kila kijiji chaweza kuyauliza siku ya kwanza, kabla chai ya mgeni haijapoa. La kwanza: kitu hiki kitakapokwisha kujengwa, ufunguo utakaa kwa nani? La pili: daftari la hesabu litafunguliwa wapi, na nani ataruhusiwa kulisoma? La tatu: je, kuna mtu awezaye kukiuza?

Majibu yakiwa mazuri, hata shilingi 2,000 za mboga zaweza kuwa zahanati. Yakiwa mabaya, hata magorofa yatapanda juu, na aliyeahidiwa atabaki chini akiyatazama, kama wanavyoyatazama hadi leo majirani wa Nyayo Highrise.